Kanuni Moja kwa Seva na Kivinjari

Walio na kalamu na karatasi waziweke karibu, maana leo kuna mambo mawili matatu yafaayo kuandikwa. Wasio nazo wasikilize tu, kwani mazungumzo haya yatapigwa chapa kama yale yaliyotangulia.

Katika somo lililopita tulisema kwamba kazi ya intaneti, kama vile kujiandikisha katika chama au kununua tikiti ya basi, hufanywa na watendaji wawili. Mmoja ni kivinjari, yaani ile programu iliyomo katika simu au kompyuta ya mtu, ambayo humwonyesha ukurasa na kupokea anayoandika. Wa pili ni seva, yaani kompyuta iliyo mbali, ambayo hupokea maombi ya watu wote, huyapima, na kuyatia katika daftari. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowahusu wote wawili: namna ya kuandika kanuni mara moja tu kwa lugha ya JavaScript, na kuifanya itumike huku na huku.

Nitaanza na jambo la kweli. Kwa miaka mingi namba za simu za mkononi nchini Kenya zilianza kwa 07. Kila aliyetunga fomu alijua hivyo, akaiandikia programu yake kwamba namba ya simu ya mkononi ni tarakimu 10, na mbili za kwanza ni 0 na 7. Mwaka 2019 zikaanza kutolewa namba zinazoanza kwa 01. Ni namba halali kabisa, zapiga na kupigiwa kama nyingine. Lakini zile fomu za zamani hazikuwa na habari hiyo.

Sasa tuseme kuna chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwanachama hujiandikisha kwa simu, na namba aliyoiandika ndiyo inayopelekewa fedha zake mwisho wa mwezi. Kanuni ya 07 imeandikwa mahali pawili: mara moja katika ukurasa, na mara nyingine katika seva. Tena zimeandikwa na watu wawili tofauti, mmoja amekwisha kwenda zake kufanya kazi kwingine. Anakuja mama mwenye namba ya 01. Fundi anaambiwa, anairekebisha seva, anafurahi, anakwenda kulala. Lakini ukurasa bado una kanuni ya kale, nao unamwandikia yule mama kwa wino mwekundu kwamba namba yake si sahihi. Anaijaribu mara tatu, nne, kisha anaiacha.

Hayo ni afadhali, kwa sababu angalau mama ameambiwa. Geuzeni mambo. Fundi amerekebisha ukurasa akaisahau seva. Mama anaandika namba, ukurasa unasema vema, unamshukuru, anafunga simu. Huko mbali seva inaikataa ile namba, na ikiwa programu imetungwa ovyo, hakuna anayejulishwa. Mama anapeleka maziwa kila alfajiri, katibu anayapima na kuyaandika, na mwisho wa mwezi fedha haziji. Atakayelaumiwa ni katibu, au labda kampuni ya simu. Nani atafikiri kwamba kosa ni mistari miwili ya programu isiyopatana?

Huenda mtu akauliza: basi kwa nini kanuni iwekwe pande zote mbili? Si iwekwe upande mmoja tu, mambo yakaisha? Swali hili lafaa kujibiwa polepole.

Kanuni iliyo katika kivinjari ni ya adabu. Humwambia mtu papo hapo kwamba amesahau tarakimu moja, kabla hajatumia bando lake, na kabla hajangoja dakika nzima mahali ambapo mtandao ni hafifu. Ukiiondoa, kazi itakwenda, lakini utawachosha watu. Kanuni iliyo katika seva ni ya ulinzi, nayo haiondoleki kamwe. Ukurasa umo mikononi mwa mtumiaji. Akitaka aweza kuubadili, aweza kuizima JavaScript yote, au aweza kuandika programu yake mwenyewe inayotuma maneno kwa seva bila kuufungua ukurasa hata mara moja. Kwa hiyo seva hairuhusiwi kusema, "Madhali kivinjari kimekwisha kukagua, mimi nitapokea tu." Hata tukiwapa wote wawili faili ile ile moja, kila mmoja lazima aitumie mwenyewe. Tunashirikisha kanuni, hatushirikishi imani. Andikeni hilo.

Zamani kuandika mara mbili kulikuwa hakuna budi. Lugha ya JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwezi wa Mei 1995, katika kampuni ya Netscape huko Marekani, na toleo la kwanza lilimchukua siku 10 tu. Ilikusudiwa hasa kwa kivinjari. Netscape wenyewe walijaribu mapema kuitia pia katika seva, lakini haikushika sana. Seva nyingi za wakati ule zilitumia Perl, PHP, Java na lugha nyingine. Basi kanuni moja ilibidi itafsiriwe kutoka lugha hii mpaka lugha ile, na tafsiri, kama mjuavyo, huponyokwa na mambo. Nitatoa mfano mdogo. Zipo alama za kueleza muundo wa maandishi, na mojawapo, mkwaju wa nyuma ukifuatwa na herufi d, maana yake ni "tarakimu yoyote". Katika JavaScript alama hiyo hukubali 0 mpaka 9 tu, basi. Katika Python ya siku hizi, maandishi ya kawaida yakipimwa kwa alama hiyo hiyo, hukubali pia tarakimu za Kiarabu. Mtu aliyeko Maskati, ambaye simu yake huandika kwa tarakimu hizo, atakataliwa na ukurasa lakini seva ingemkubali. Alama ni moja, imenakiliwa vilevile bila kukosea, na hukumu ni mbili.

Mambo yalibadilika mwaka 2009. Ryan Dahl alichukua mtambo wa JavaScript uliomo katika kivinjari cha Chrome, akautengenezea programu ya kufanya kazi nje ya kivinjari, akaiita Node.js, na mwezi wa Novemba mwaka huo akaionyesha kwa watu mjini Berlin. Tangu hapo seva na kivinjari vingeweza kusema lugha moja.

Lakini kusema lugha moja si lazima kuwe kusoma faili moja. Moduli ni faili ya programu yenye kazi yake maalumu, ambayo hutoa kitu nje ili faili nyingine zikiagize. Node ilifuata utaratibu ulioitwa CommonJS, ulioanza kupangwa mwaka ule ule wa 2009, na neno lake la kuagiza moduli ni "require". Programu ikifika kwenye neno hilo husimama, hungoja faili isomwe, kisha huendelea. Katika seva si kitu, kwa sababu faili imo katika diski hapo hapo. Katika kivinjari faili iko ng'ambo ya bahari. Programu ikisimama kuingoja, ukurasa wote umeganda. Kwa hiyo watu wa vivinjari wakabuni utaratibu mwingine wa kuagiza bila kusimama. Wengine wakatengeneza vyombo vya kufungasha, kama Browserify, ambavyo hukusanya moduli zote kuwa mzigo mmoja kabla ya kuzipeleka. Na wengine wakaweka dibaji juu ya kila faili, ya kuuliza, "Je, niko wapi leo, kwa seva au kwa kivinjari?" Nimezisoma faili nyingi za namna hiyo. Dibaji aghalabu ilikuwa ngumu kuliko kazi yenyewe.

Vurugu hilo lilipungua mwezi wa Juni 2015, ilipotolewa sanifu mpya ya lugha, yenye maneno mawili: "export", maana yake toa nje, na "import", maana yake ingiza. Vivinjari vikubwa viliyapokea kati ya 2017 na 2018, na Node ikayapokea bila masharti ya pekee mwisho wa 2019, katika toleo la 13.2. Kwa hiyo leo faili moja, isiyobadilishwa hata herufi, yaweza kusomwa na pande zote mbili. Mambo mawili ya kukumbuka: kwa upande wa Node, katika ile faili iitwayo package.json, andikeni kwamba "type" ni "module", na mnapoagiza faili yenu, taja jina lake lote pamoja na mwisho wake, yaani "./simu.js", si "./simu" tu, maana kivinjari hakikisii jina la faili, na Node nayo katika utaratibu huu haikisii.

Sasa twende kwenye kiini cha somo. Ni kitu gani kinachofaa kuwekwa katika moduli ya pamoja?

Turudi kwa namba yetu ya simu. Moduli nzuri hupokea maandishi. Huondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha. Yakianza kwa 0, huiondoa hiyo 0 na kuweka 254 mahali pake. Kisha hutazama kwamba baada ya 254 zimebaki tarakimu 9, na ya kwanza yao ni 7 au 1. Ikiwa ndivyo, hurudisha namba kamili ya tarakimu 12. Ikiwa sivyo, hurudisha alama fupi ya kosa, kama vile "fupi" au "mwanzo". Basi, imemaliza. Haikugusa ukurasa, haikufungua daftari la chama, haikuuliza saa, haikukumbuka aliyepita. Ukiipa maandishi yale yale leo na kesho, hapa na Ulaya, itajibu vilevile.

Mtaona kwamba nimesema irudishe alama, si sentensi ya kumwonyesha mtu. Sentensi ni kazi ya ukurasa, nao waweza kuisema kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine; seva yaweza kuandika alama ile katika kumbukumbu zake. Moduli ikianza kuandika wino mwekundu yenyewe, itahitaji kitu kiitwacho "document", yaani ukurasa wenyewe, na katika seva hakuna ukurasa. Programu itaanguka hapo hapo. Kosa la namna hiyo halinitishi, maana linapiga kelele, na fundi atalikuta siku ya kwanza. Ya kuogopwa ni makosa ya kimya, nami nataka tukae na mawili.

La kwanza ni saa. Tuseme moduli ina kanuni kwamba tarehe ya kujiunga na chama haiwezi kuwa baada ya leo. Ndani yake imeandikwa kuuliza, "Leo ni tarehe ngapi?" Ni usiku wa mwaka mpya, saa saba ya usiku mjini Nairobi. Simu ya mfugaji inajua kwamba ni tarehe 1 Januari. Lakini seva nyingi hutegwa kwa saa ya dunia, ile ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Kwake ni saa nne ya usiku, tarehe 31 Desemba. Mfugaji anaandika tarehe 1 Januari, kivinjari kinakubali, seva inasema tarehe hiyo haijafika. Faili ni moja, herufi ni zile zile, na bado wamegombana. Jambo hili hutokea kila siku kati ya saa sita na saa tisa ya usiku, na kwa kuwa wajaribu programu hulala wakati huo, huweza kukaa miaka bila kuonekana. Dawa yake ni kwamba moduli isiiulize saa. Ipewe tarehe ya leo kutoka nje, kama inavyopewa namba, na kila upande uihesabu tarehe hiyo kwa saa ya Nairobi, popote ulipo. Na kwa kuwa saa ya simu yaweza kuwa imekosewa na mwenyewe, neno la mwisho ni la seva.

La pili ni kumbukumbu, nalo ndilo baya zaidi. Moduli yaweza kuwa na mahali pa kuweka kitu, mathalan jina la mtu anayetumia programu sasa. Katika kivinjari hakuna ubaya: simu ni yangu, ukurasa ni wangu, kumbukumbu ni yangu. Lakini seva huipakia moduli mara moja tu, kisha huitumia hiyo hiyo kwa kila anayekuja. Ni kama mkoba wangu mimi nyumbani, ulinganishwe na meza ya karani ambayo watu mia huweka karatasi zao. Ombi la Asha limewekwa pale, na kabla halijaisha, kwa kuwa seva ilikuwa inangoja jibu la daftari, limekuja ombi la Juma na kulifunika. Jibu la daftari likirudi, Asha anaonyeshwa malipo ya Juma. Katika majaribio ya mtu mmoja mezani kwake jambo hili halionekani kabisa. Huonekana siku wanachama wanapokuja wengi kwa pamoja, yaani siku ya malipo. Kwa hiyo moduli ya pamoja isikumbuke mtu. Kila inachohitaji ipewe mkononi, na ikimaliza isibaki na kitu.

Ziko pia siri. Nenosiri la daftari na ufunguo wa huduma ya malipo ni vya seva peke yake. Vyombo vya kufungasha hufuata kila neno la "import" na kuchukua kinachotajwa. Moduli ya pamoja ikiagiza faili moja tu ya seva yenye ufunguo, ufunguo huo waweza kusafiri mpaka katika simu ya kila mtu, na ajuaye kutazama ataukuta. Baadhi ya vyombo vya leo husaidia. SvelteKit, kwa mfano, hukataa kuujenga ukurasa ukiagiza kitu kutoka katika jalada lake la "server". Lakini msingoje chombo kiwakataze. Wekeni majalada matatu: la kivinjari, la seva, na la pamoja. Mawili ya kwanza yaruhusiwe kuagiza kutoka la pamoja. La pamoja lisiagize kutoka lolote kati ya hayo mawili.

Wako waliotaka kushirikisha karibu kila kitu. Mwaka 2013 wahandisi wa Airbnb walieleza hadharani jinsi walivyotumia programu moja kuchora kurasa katika seva kwanza, na kuziendeleza katika kivinjari, ili mgeni aone ukurasa upesi bila kungoja JavaScript yote ifike. Faida yake ni ya kweli, na leo vyombo vingi hufanya hivyo. Walakini kwa anayejifunza, au kwa chama chenye fundi mmoja, mimi ningeanza na kanuni tu: namba za simu, tarehe, vipimo vya lita, hesabu ya malipo. Hizo ndizo zikitofautiana mtu hukosa fedha. Michoro ikitofautiana kidogo, mtu hukunja uso tu.

Limebaki jambo moja, nalo huwashangaza hata wenye uzoefu. Mmeandika moduli moja, safi. Leo jioni mnaibadili ili ikubali 01, mnaipeleka kwa seva. Je, sasa pande zote zina kanuni moja? La. Mfugaji aliyefungua ukurasa asubuhi na kuuacha wazi katika simu yake bado ana kanuni ya asubuhi, na kivinjari cha mwingine huenda kimeiweka faili ya juzi akibani ili kisiipakue tena. Kwa hiyo faili ni moja katika jalada lenu, lakini huko nje zipo za umri mbalimbali. Hapa kuna utaratibu wa kufuata. Mnapolegeza kanuni, yaani kukubali kilichokuwa kikikataliwa, anzeni na seva. Hivyo hakuna ukurasa mpya utakaotuma namba ambayo seva haijaijua. Mnapokaza kanuni, yaani kukataa kilichokuwa kikikubaliwa, anzeni na ukurasa, mwache siku kadhaa zipite mpaka kurasa za zamani zifungwe, ndipo muikaze seva. Na katika hali zote mbili, seva ikimkatalia mtu, imwambie waziwazi, kwa maneno anayoyafahamu, hata kama ukurasa wake ulikwisha kumsifu.

Kabla ya kuagana nawapa zoezi. Andikeni moduli ya namba za simu za Tanzania. Ufunguo wa nchi ni 255, hufuatwa na tarakimu 9, na ndani ya nchi namba huandikwa kwa 0 mbele badala ya 255. Kwa simu za mkononi tarakimu inayofuata ni 6 au 7. Ijaribuni kwanza kwa Node, kisha katika ukurasa, bila kubadili hata herufi moja. Ipeni namba yenye nafasi katikati, namba yenye alama ya kujumlisha, namba pungufu ya tarakimu moja, na karatasi tupu, yaani bila maandishi yoyote. Andikeni majibu ya upande huu na upande ule katika safu mbili, mzilinganishe. Wenye kikundi wafanye wawili wawili, mmoja awe seva na mwenzake awe kivinjari.

Katika somo lijalo tutaeleza jinsi seva inavyohesabu fedha kwa senti nzima, na kwa nini JavaScript ikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwaherini.